Wazee wa Ghorofa ya Nne

Wiki ya saba baada ya mtoto wangu kuzikwa, nilipanda ngazi hadi juu ya paa la jengo letu, alfajiri, nikiwa na gauni la kulalia na kandambili za mume wangu. Nilikwenda kufanya nini huko juu, sitasema, maana hata leo sijui vizuri. Najua tu kwamba sikubeba simu, wala ufunguo wa kurudia ndani.

Mapaa ya Al Mansoura, mtaa wetu wa Doha, hayana uzuri wowote. Ni matangi ya maji, madishi ya televisheni yaliyoshika kutu, nyaya, na mashine za viyoyozi zinazopuliza joto juu ya joto. Katikati ya vitu hivyo nilimkuta mzee mmoja amesimama kwa mguu mmoja. Alikuwa mrefu, mweusi kama mimi, kanzu yake nyeupe ameifunga kiunoni, mkono mmoja ameuegemeza kwenye tangi. Alikuwa akihesabu kwa Kiarabu. Alipofika kumi na mbili akayumba, akaanza tena tangu moja.

Aliniona. Hakuniuliza mimi ni nani, wala kwa nini nilikuwa na nguo za kulalia. Alisema kwa Kiingereza cha vitabuni, kile cha watu waliofundishwa zamani, "Binti, njoo unishikie bega. Mguu huu wa kushoto hautii amri."

Nikamwendea nikamshika bega. Lilikuwa bega la mfupa mtupu, lakini gumu. Alihesabu mpaka ishirini, akabadilisha mguu, akahesabu tena. Alipomaliza jua lilikuwa limeshatoka, na watu wa mabasi ya kampuni walikuwa wakipanga foleni kule chini barabarani. Aliniambia, "Kesho saa hiihii," kama mtu anayempangia mwanafunzi wake kazi. Nikashuka. Nilimgongea mume wangu mlango, akanifungulia, akaniangalia miguu.

Mimi ni muuguzi. Nilitoka Kakamega na cheti changu na sanduku moja, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tano Doha. Mume wangu ni fundi wa kompyuta hotelini. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu, katika chumba kimoja cha nyumba iliyogawanywa kwa mbao za jasi, jiko tukitumia pamoja na wapangaji wengine wawili. Hatukulalamika. Tulikuwa tumepata mimba baada ya kungoja miaka sita, na chumba kile kilitutosha.

Mtoto aliacha kucheza tumboni siku ya Jumatatu, nikiwa kazini. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikunywa maji baridi, nikalala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyowafundisha kina mama wengi, nikangoja. Sikuhitaji mashine iniambie. Alizaliwa Jumatano, msichana, ana nywele nyingi na kucha zilizokwisha kukamilika, na chumba kizima kimya. Siku ya kumzika nilikuwa bado wodini. Mume wangu alikwenda na ndugu wawili wa ushirika wetu wa kanisa, akarudi jioni na mchanga kwenye viatu. Sikumwuliza kitu. Nilimwambia, "Usinitajie," na yeye hakunitajia.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Mwili ulikuwa haujapata habari. Nilijifunga kifua kwa leso mbili, na bado yalipenya.

Wanawake wa ushirika walikuja na chapati na chai ya maziwa. Waliimba, wakaomba, wakasema mimi bado kijana na Mungu ana makusudi yake. Walisema kwa upendo, najua. Wiki ya tatu hawakuja tena, kila mtu ana zamu zake. Nikarudi kazini, kliniki, na kazi yangu ilikuwa chumba cha chanjo. Kutwa nzima nilishika mapaja ya watoto wachanga na kuwadunga sindano. Niliomba nihamishwe, nikaambiwa ningoje.

Na mume wangu, ambaye tangu mwezi wa tano wa mimba alikuwa amezoea kuniita Mama, aliacha kuniita hivyo. Jina langu la zamani nalo halikumtoka. Akawa haniiti chochote. Akitaka kusema nami, alikohoa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa asubuhi ile.

Kesho yake sikupanda. Nilikuwa nimelala, uso nimeuelekeza ukutani, nikasikia mlango ukigongwa, si kwa adabu. Nilipofungua nilimkuta mwanamke mzee amejitanda thobi, shuka refu la rangi ya kahawa, mwembamba, macho makali, jasho linamtiririka kwa kushuka ngazi. Lifti yetu ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimewahi kumwona akifagia ngazi, nikamdhania mfanyakazi. Kumbe alikuwa mke wa yule mzee, na ngazi alizifagia kwa sababu zilikuwa chafu.

"Yalla, binti," alisema. Akanishika mkono kwenye kifundo, akanivuta.

Majirani wote walimwita Haboba, ndivyo Wasudani wanavyomwita nyanya. Mumewe nilimwita Mwalimu, naye akacheka, akasema kwao pia ni neno hilohilo, na kwamba alikuwa ameitwa hivyo miaka arobaini, mwisho akiwa mkuu wa shule Khartoum. Yeye alikuwa na miaka sabini na sita, mkewe sabini na moja. Vita vilipowatoa kwao walikuja kwa mtoto wao wa kiume, mhasibu, aliyekuwa akikaa ghorofa ya nne na mkewe. Walikuja na kibali cha wageni, na kila kilipokaribia kuisha kijana wao alihangaika nacho.

Haboba hakujua Kiingereza, na Kiarabu changu kilikuwa cha kliniki tu: kohoa, vua, inauma wapi. Tulizungumza kwa maneno ambayo lugha zetu zimegawana. Asubuhi na subhi, sukari na sukkar, samaki na samak. Binti hakuhitaji kufasiriwa. Lililobaki tulilimalizia kwa mikono, na likitushinda, Mwalimu alilifasiri.

Huko juu, upande wenye kivuli cha matangi, Haboba alikuwa na ndoo kumi na moja tupu za rangi, amezijaza udongo. Mwanawe alikuwa amemletea udongo huo kutoka mashamba ya Umm Salal, mfuko mmojammoja. Kulikuwa na mnanaa, bamia mbili tatu, na mboga moja ya majani membamba yenye meno ubavuni. Niliikata jani nikalisugua kwa vidole. Likateleza.

"Mulukhiya," alisema Haboba.

"Mrenda," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Ulikuwa mrenda uleule ambao mama yangu huuchuma nyuma ya nyumba mvua zikianza. Sikujua kwamba unaota mahali pengine duniani.

Haboba akanichumia kikapu kizima. Jioni ile nilipika kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitalini. Nilitia magadi kidogo niliyonunua kwenye duka la chini, nikasonga ugali, nikapanda na mume wangu kumpelekea sahani. Alitazama ugali akapiga kofi: "Asida!" Akawaita watu wote wa nyumba yake waone kwamba Mkenya anajua kusonga asida. Tulikula kwa mikono, sinia moja. Nilikula matonge manne. Mume wangu alinihesabia, aliniambia baadaye.

Ningependa kusema kwamba nilipona hapo. Sikupona. Kulikuwa na asubuhi ambapo Haboba aligonga nami nikajifunika mto kichwani mpaka akachoka. Kulikuwa na siku kazini nilipojifungia chooni nikauma kitambaa. Lakini nilianza kuwatazama wazee wale, na kuwatazama kukawa kama kazi niliyopewa.

Mwalimu alipanda na kushuka ngazi zote mara tatu kila siku, joto liwe lisiwe. Aliona kwamba wapangaji hujikwaa kwenye ngazi moja iliyovunjika ghorofa ya pili. Akanunua rangi ya manjano akapaka ukingo wake, kisha akaona heri apake zote. Mwenye duka la chini, Mbengali, alikuwa hajui kusoma barua za Kiarabu alizoletewa. Mwalimu alimsomea, halafu akaanza kumfundisha herufi, juu ya kreti ya soda. Haboba alimwagilia ndoo zake mara mbili kwa siku, akibeba maji kwa madumu. Nikijaribu kumpokea dumu, alinipiga kiganjani.

Niliwastaajabia, na sitaficha kwamba niliwachukia kidogo pia. Nilijiambia watu hawa wameumbwa kwa udongo mwingine. Wamepoteza nyumba, nchi, vitabu vya miaka arobaini, na bado wanapaka ngazi rangi. Mimi nimepoteza kitu ambacho hata hakikupata kulia, na siwezi kuchana nywele. Kuwatazama kulinipa nguvu asubuhi, na jioni kukanidharaulisha nafsi yangu.

Siku moja, tulipokuwa tukichambua mboga, Haboba aligusa tumbo langu kwa nyuma ya vidole. Nani alimwambia, sijui. Pengine aliona leso zangu zikikauka kwenye kamba, pengine alijua tu. Akauliza polepole, "Gabr? Wen gabr?"

Kaburi. Kaburi liko wapi. Neno lile lilinipata moja kwa moja, halikupitia mlango wowote.

"Sijui," nikasema.

Alidhani hatukuelewana. Akamwita Mwalimu, aliyekuwa akikunja na kukunjua magoti kando ya ukuta. Mwalimu akauliza kwa Kiingereza. Nikarudia: sijui, sikwenda, mume wangu anajua, sitaki kujua.

Haboba aliweka majani chini. Akaanza kusema, haraka, na Mwalimu akafasiri huku ametupa mgongo, bado akikunja magoti. Walikuwa na mtoto wa kike pia. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mwalimu kama baba yake, hakuolewa, aliishi nao. Figo zake zilikuwa zimekufa, akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Vita vilipoanza, kituo kilifungwa.

Mwalimu akaacha kukunja magoti.

"Wewe ni muuguzi," akaniambia. "Unajua mtu hukaa siku ngapi."

Najua. Najua pia siku hizo zinavyokuwa, namna mwili unavyojaa maji na pumzi inavyokatika mtu akilala.

"Yeye alikaa tisa," akasema. "Mtaani watu walikuwa wakipigana. Makaburini hatukuweza kufika. Jirani yangu na mimi tulichimba uani, karibu na ukuta wa jikoni. Mama yake alimwosha. Baada ya siku kumi na moja ikatubidi kuondoka na sisi, kwa miguu, na magoti yangu yakanishinda. Nilibebwa kwenye mkokoteni wa punda kama gunia. Mtoto wangu nimemwacha kando ya jiko, mimi nimebebwa."

Akageuka akanitazama.

"Unadhani nafanya mazoezi ili niishi miaka mingi? Miaka mingi ya nini? Njia ikifunguka nataka nirudi kwa miguu yangu, nimtoe pale, nimlaze karibu na mama yangu. Ni hilo tu. Huyu naye," akamwonyesha mkewe, "anataka mikono yake iwe na nguvu siku hiyo. Kwa hiyo anabeba maji."

Haboba hakuwa akilia. Alinishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto asiyetaka dawa. Neno la subira, ambalo Waarabu ndio waliotupa na ambalo kila mtu alikuwa amenitupia tangu mwanzo, hakulitumia hata siku moja. Alisema kitu kifupi, na Mwalimu akafasiri: "Anasema mtoto wake yuko mbali sana. Wako ni safari ya gari. Twende Ijumaa."

Nilipomweleza mume wangu, alikohoa, akakaa kitandani, akasema, "Sawa." Basi.

Ijumaa tulikwenda, mtoto wao akiendesha, Mwalimu mbele, sisi watatu nyuma, Haboba katikati amenishika goti. Makaburi ya Wakristo yako nje, mahali ambapo mji unaisha na kubaki changarawe na upepo. Kuna sehemu ya watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa wingi wao: vichuguu vidogovidogo, safu baada ya safu, kila kimoja na kibao. Nilidhani mume wangu atatafuta. Hakutafuta. Alitembea moja kwa moja, akageuka kushoto, akasimama kwenye kichuguu kilichozungushiwa mawe meupe yaliyopangwa vizuri, yametoshana ukubwa. Karibu yake palikuwa na chupa ya maji tupu.

"Nani ameweka mawe?" nikauliza.

Hakukohoa. "Mimi."

"Lini?"

"Kila Ijumaa. Nikikwambia naenda hotelini kwa zamu ya ziada."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Ulikuja bila mimi! Wiki zote hizi unakuja bila mimi!"

"Ulisema nisikutajie," alisema. Alikuwa analia na mikono ameiachia tu, hajikingi. "Ulisema, Mama. Ningefanyaje?"

Neno lile limtoke pale, mbele ya kile kichuguu! Nikakaa chini, mchanga ulikuwa wa moto, nikaweka kiganja juu ya kaburi la mtoto wangu na nikatoa sauti ambayo siwezi kuieleza. Hakuna aliyeninyamazisha. Haboba alikaa kando yangu, akachota mchanga kidogo, akaurudisha, akauchota tena. Mwalimu alisimama nyuma yetu viganja vimeelekea juu. Alisoma dua yake kwa sauti ya chini, na alipomaliza ya mtoto wangu aliendelea. Sikuhitaji mkalimani kujua ni ya nani.

Baada ya hapo mimi na mume wangu tulikwenda pamoja, Ijumaa nyingine ndiyo, nyingine hapana. Tulianza kuzungumza tena, kidogo, mambo ya chumvi na sabuni, kisha mengine. Kliniki walinihamishia upande wa wazee, nikashukuru. Lakini usiku wa tumbo tupu haukuniacha, na yaliyofuata hayakunisaidia.

Mapigano yaliposogea mbali na mtaa wao, Mwalimu alisema wanarudi. Mtoto wao alikataa. Nilimsikia kwenye ngazi akisema kwa sauti ya juu, mtu mpole yule, kwamba hakuna umeme kule, hakuna maji, hakuna daktari, wanakwenda kufa. Mwalimu alimjibu sentensi moja. Nilimwuliza Haboba baadaye alisema nini. Alinionyesha ukuta wa jikoni kwake, akalaza mkono chini kando yake.

Walikaa miezi minne zaidi wakingoja njia, kisha wakaondoka. Asubuhi ya safari Haboba alipita kwetu, akanikabidhi begi la mbegu zilizofungwa kwenye gazeti, akanibusu paji la uso. Mwalimu alishuka ngazi zote kwa miguu yake, akakataa mkono wa mwanawe. Chini alinipa mkono kwa heshima, kama ninavyodhani aliwapa wanafunzi waliomaliza.

"Umenishikia bega vizuri," alisema.

Ujumbe wa sauti uliingia wiki ya tatu. Ilikuwa sauti ya Haboba, na mtoto wao alikaa nami jikoni akanifasiria, kipandekipande, akisimamisha kila mara. Nyumba haikuwa na paa wala milango. Walikuta shimo kando ya ukuta wa jikoni. Majirani waliobaki waliwaambia kwamba walikuja watu wenye lori, wakawafukua wote waliozikwa majumbani na mabarabarani, wakawapeleka kuwazika upya nje ya mji. Ilikuwa kazi njema, walisema, ya heshima na ya afya. Mahali penyewe pana safu nyingi mno. Wengine wana majina kwenye orodha. Wengine wana namba. Mtoto wao wa kike hakuwa na jina kwenye orodha yoyote waliyoonyeshwa, na namba yake hakuna aliyeijua.

Kijana wao alizima simu akaweka kichwa juu ya meza. Nilimwekea mkono mgongoni.

Nilimjibu Haboba kwa sauti yangu mwenyewe. Nilirekodi mara nyingi nikafuta. Mwisho nilituma maneno machache tu, kwamba ni mimi, binti yake, niko.

Sasa ni zaidi ya mwaka tangu waondoke. Sina mtoto mwingine. Mume wangu na mimi bado tuko chumba kilekile. Mkataba wake hotelini unaisha karibuni, na hatujui itakuwaje. Mwalimu, nasikia, alitembea makaburi yale safu kwa safu miezi mingi, na daftari mkononi, akiandika namba. Watu wakimwona humtaja kwa sifa, mzee wa umri ule. Nami nawasimulia wenzangu habari zake ninapotaka kuwapa moyo, na wanatiwa moyo kweli, naona. Ninapomaliza kusimulia, mimi hubaki na lile shimo.

Juzi Haboba aliniuliza kwa simu kama tulikwenda Ijumaa. Nilimjibu kwamba hatukwenda, sikuweza kuinuka. Hakunilaumu. Alisema hata wao hawakutoka siku hiyo. Mwalimu alilala mchana kutwa bila kula, uso ameugeuzia ukutani, naye alikaa kando yake akimpepea kwa kipande cha boksi mpaka jua likazama.